Mtaka Cha Mvunguni: Mlinzi Aliyepitia Ligi Ndogo

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii kuruta hufundishwa kwa vitendo tangu wiki yake ya kwanza kambini, na mzazi huikumbuka kila mtoto anapoanza kuchagua kazi za nyumbani, hii nataka na ile sitaki. Hata hivyo si mara nyingi tunaiona ikitimia mbele ya macho ya maelfu ya watu. Leo, ndugu msomaji, tutaifuata safari ya kijana mmoja wa Marekani, Alex Caruso, mchezaji wa mpira wa kikapu, ambaye timu zote 30 za ligi kuu zilimpita bila kulitaja jina lake, naye akakubali kuinama. Na alipoinuka alikuwa bingwa, tena mara mbili.

Kwanza yafaa tueleze nafasi anayoicheza. Katika mpira wa kikapu kila upande huwa na wachezaji 5 uwanjani, na kwa desturi wawili kati yao huitwa walinzi. Jina hilo lisimdanganye msomaji akadhani kwamba kazi yao ni kusimama nyuma tu kama golikipa. Mlinzi ndiye anayeupokea mpira nyuma, akaupeleka mbele huku akiudunda, akaona nani yuko wazi, akatoa pasi kwa wakati wake. Adui anaposhambulia, mlinzi ndiye wa kwanza kumkabili. Kwa kawaida walinzi ni wafupi kuliko wenzao, ingawa ufupi huo ni wa huko kwao: Caruso mwenyewe ana kimo cha sentimeta 196.

CHUONI KWA MIAKA MINNE

Alex Caruso alizaliwa tarehe 28 Februari 1994 katika mji wa College Station, jimbo la Texas. Mji huo umekua kwa ajili ya chuo kikuu kilichomo, Texas A&M, kilichofunguliwa mwaka 1876 kufundisha kilimo, ufundi na uaskari. Kwa miaka mingi mafunzo ya kijeshi yalikuwa sharti kwa wanafunzi wa chuo hicho. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1965, lakini kikosi cha makadeti kingali kipo, na gwaride lake ni fahari ya mji mzima. Caruso hakuufuata uaskari. Aliingia chuoni hapo mwaka 2012, kijana wa nyumbani, akachezea timu ya nyumbani.

Nchini Marekani michezo ya vyuo ina watazamaji wengi kuliko ligi kuu za nchi nyingi. Mchezaji hodari husomeshwa bure, hulishwa na kulazwa, lakini katika miaka ile hakuruhusiwa kulipwa kwa ajili ya jina lake. Ruhusa hiyo ilikuja Julai 2021. Kwa hiyo kijana wa chuo aliweza kushangiliwa na watu elfu kumi usiku, na asubuhi akawa hana fedha mfukoni.

Caruso alicheza miaka yote minne. Hakuwa mfungaji wa kutisha. Sifa zake zilikuwa mbili: kuwapa wenzake pasi za kufungia, na kuwanyang'anya wapinzani mpira. Alipoondoka mwaka 2016 alikuwa anaongoza orodha ya chuo chake kwa mambo yote mawili tangu timu ianzishwe.

Mchezo uliomtangaza ulichezwa tarehe 20 Machi 2016 katika mji wa Oklahoma City, kwenye mashindano ya taifa ya vyuo. Texas A&M walipambana na Northern Iowa, na ilipobaki chini ya dakika moja walikuwa nyuma kwa pointi 12. Watazamaji wengine walikwisha kuyakata tamaa mambo. Ndipo vijana wa Texas walipoanza kuwabana wapinzani wao kila walipotaka kuutoa mpira nyuma ya mstari. Wakaunyang'anya, wakafunga, wakaunyang'anya tena, wakafunga tena, hata dakika zikaisha timu zikiwa sawa. Vikachezwa vipindi viwili vya nyongeza, na Texas A&M wakashinda kwa 92 kwa 88. Mpaka siku ile haikupata kutokea katika daraja la juu la vyuo timu ikafuta deni kubwa namna hiyo ndani ya dakika ya mwisho.

SIKU AMBAYO JINA HALIKUTAJWA

Tarehe 23 Juni 2016 ilifika siku ya uteuzi. Kila mwaka timu za NBA, ambayo ndiyo ligi kuu ya kulipwa, hukutana na kuchagua vijana wapya kwa zamu. Mwaka ule zilikuwa timu 30, na kila moja ilikuwa na zamu mbili, yaani majina 60 tu. Vyuo vya daraja la juu vilikuwa zaidi ya 340, na kila kimoja kiliruhusiwa kuwasomesha wachezaji 13 kwa ajili ya mchezo huu. Msomaji akizidisha ataona kwamba ni zaidi ya vijana 4,000. Ni kweli kwamba si wote waliokuwa wakimaliza masomo mwaka huo, lakini wapo pia vijana wa Ulaya, Afrika na kwingineko wanaogombea nafasi zizo hizo 60.

Majina 60 yakasomwa. La Caruso halikuwamo.

Kijana aliyeachwa siku ya uteuzi hubakiwa na njia chache. Aweza kwenda kucheza ng'ambo, ambako mara nyingi mshahara ni mzuri zaidi kuliko ule wa ligi ndogo ya nyumbani. Aweza kuacha mpira na kutafuta kazi kwa shahada yake. Ama aweza kubaki karibu na mlango, akingoja mtu aufungue. Caruso alichagua kubaki. Alicheza michezo ya majira ya kiangazi pamoja na timu ya Philadelphia, kisha vuli akaalikwa kambini na timu ya Oklahoma City Thunder. Mwezi Oktoba, kabla ligi haijaanza, Thunder wakamwacha. Akapewa nafasi katika timu yao ndogo, Oklahoma City Blue.

NG'AMBO YA BARABARA

Ligi ndogo hiyo ilianza mwaka 2001 ikiwa na timu 8, zote katika majimbo ya kusini mashariki ya Marekani. Wakati Caruso anajiunga ilikuwa ikiitwa D-League, maana yake ligi ya kuendeleza wachezaji. Tangu mwaka 2017 inaitwa G League, kwa jina la kampuni ya vinywaji inayoidhamini. Katika msimu wa 2024 na 2025 ilikuwa na timu 31, na karibu kila timu kubwa ina timu yake ndogo, kama vile jeshi lilivyo na chuo cha mafunzo nyuma ya vikosi vyake.

Msimu ule wa kwanza wa Caruso mshahara wa ligi ndogo ulikuwa wa madaraja mawili: dola 26,000 kwa daraja la juu na dola 19,500 kwa daraja la chini, kwa msimu mzima. Nyumba hutolewa na timu wakati wa msimu. Kwa msomaji wetu fedha hizo zaweza kuonekana nyingi, lakini lazima zipimwe kwa bei za soko la Marekani, na zilinganishwe na za ligi kuu, ambako hata mchezaji wa mwisho katika benchi alikuwa akilipwa zaidi ya dola 500,000 kwa mwaka. Tofauti ya mchezaji wa juu na wa chini ilikuwa zaidi ya mara kumi, ingawa pengine tofauti ya uwezo wao ilikuwa ndogo mno.

Hapa ndipo mtu angeweza kuona uchungu. Oklahoma City Blue walikuwa wakicheza katika ukumbi uliotazamana na ukumbi mkubwa wa Thunder, barabara moja tu katikati. Katika ukumbi mkubwa Caruso alikuwa ameshangiliwa mwezi Machi. Miezi michache baadaye alikuwa upande wa pili wa barabara, mbele ya viti ambavyo vingi havikuwa na watu. Aliyepata kuvuliwa cheo, au aliyefaulu mafunzo kisha akapangiwa zamu ya lango la nyuma, ataelewa bila kuelezwa zaidi.

KAZI IPI INATAFUTWA?

Wachezaji wengi wa ligi ndogo walikuwa nyota vyuoni. Wanapofika hapo hufikiri kwamba njia ya kutoka ni kufunga pointi nyingi kadiri iwezekanavyo, ili magazeti yaandike na makocha wakubwa waone. Kila mmoja huutaka mpira. Kila mmoja hutupa kutoka mbali. Pointi 30 usiku mmoja, na bado simu hailii.

Caruso amekwisha kulieleza jambo hili hadharani kwa mfano ambao kila mwajiriwa ataufahamu. Alisema kwamba wachezaji wengi hukwama kwa sababu hawajui ni kazi gani wanayofanyiwa usaili. Ni kama mtu aendaye ofisini akidhani kwamba anatafutwa mkuu wa fedha, kumbe mwenye kampuni anatafuta mtu wa kusafisha vyoo. Timu kubwa tayari ina wafungaji wake, nao wanalipwa mamilioni. Haimtafuti mfungaji mwingine katika ligi ndogo. Inamtafuta mtu atakayeingia kwa dakika 10, akamkabe mshambuliaji mkali wa wapinzani, akajitupa chini kuufuata mpira uliopotea, akampa nyota pasi mahali anapoipenda, kisha akatoka bila kunung'unika.

Basi Caruso akaamua kuijifunza kazi hiyo. Kukaba huonekana kuwa jambo la miguu na nguvu, lakini kwa kweli ni jambo la akili. Mlinzi mzuri huyasoma mapema mashambulizi ya wapinzani, akajua kwamba huyu akisogea kushoto yule atakimbilia kona, naye akafika kwanza. Hujua pia ni mkono upi mpinzani anautegemea, akamlazimisha kuutumia ule mwingine. Huwaita wenzake kwa sauti, maana mtu akabaye kimya huwaacha walio nyuma yake gizani. Na hufanya haya yote bila kumgusa mpinzani kwa namna ambayo refa atapuliza filimbi. Kazi hii huacha alama ndogo tu katika hesabu za mchezo, na kocha ndiye aionaye.

MKATABA WA PANDE MBILI

Mwaka 2017 ulizuka utaratibu mpya uliomfaa mtu wa namna yake. NBA iliruhusu kila timu kuwa na wachezaji wawili wa mkataba wa pande mbili, mbali na 15 wa kawaida. Mchezaji wa mkataba huo alikuwa mali ya timu kubwa lakini akikaa zaidi katika timu ndogo. Katika miaka ile aliruhusiwa siku 45 tu pamoja na wakubwa wakati wa msimu. Baadaye kipimo kiligeuzwa kuwa michezo 50, na tangu mwaka 2023 nafasi hizo ni tatu kwa kila timu.

Mwezi Julai 2017 Caruso alicheza michezo ya kiangazi huko Las Vegas pamoja na Los Angeles Lakers. Hakuwa mchezaji wa kutazamiwa. Macho yote yalikuwa kwa mlinzi chipukizi Lonzo Ball, aliyekuwa ameteuliwa wa pili katika uteuzi wa mwaka huo. Ball alipoumia, Caruso akashika nafasi, na Lakers wakayashinda mashindano hayo. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amekwisha kutia sahihi mkataba wa pande mbili.

Kwa misimu miwili akawa mtu wa kwenda na kurudi. Timu ndogo ya Lakers, South Bay Lakers, hucheza katika kitongoji cha El Segundo, ndani ya jengo lile lile ambamo timu kubwa hufanya mazoezi. Kwa hiyo ligi kuu na ligi ndogo zilikuwa chini ya paa moja, na kilichozitenga ni mlango tu. Leo ameitwa, kesho amerudishwa. Askari wa akiba wanayajua maisha haya: begi hukaa limefungwa, na hujui utalala wapi wiki ijayo.

Mwishoni mwa msimu wa 2018 na 2019 Lakers walikuwa wamekwisha kukosa nafasi ya kuendelea, na majeruhi walikuwa wengi. Caruso akapewa dakika za kutosha. Tarehe 5 Aprili 2019, dhidi ya Los Angeles Clippers, alifunga pointi 32, akadaka mipira 10 iliyorudi kutoka kikapuni, akatoa pasi 5 za kufungia. Kiangazi hicho Lakers wakampa mkataba wa kawaida wa miaka miwili, dola milioni 5.5. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu siku ile jina lake liliporukwa.

MATUNDA

Mwaka 2020 ligi ilisimama kwa ajili ya ugonjwa wa korona, kisha ikamaliziwa katika kambi moja iliyofungwa huko Florida, bila watazamaji. Lakers, wakiongozwa na LeBron James, walifika fainali dhidi ya Miami Heat. Katika mchezo wa 6, tarehe 11 Oktoba 2020, kocha alimwondoa mchezaji wa kati katika kikosi cha kuanza na kumweka Caruso ili kuwabana walinzi wa Miami. Lakers walishinda kwa 106 kwa 93 na kutwaa ubingwa. Mtu ambaye hakuteuliwa akawa mmoja wa watano walioanza mchezo wa kumaliza kazi.

Mwaka 2021 alihamia Chicago Bulls kwa mkataba wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 37 hivi. Mwaka 2023 alichaguliwa katika kikosi cha kwanza cha wakabaji bora wa ligi nzima, na mwaka 2024 katika kikosi cha pili. Kazi ile ya usafishaji, aliyoifananisha yeye mwenyewe, sasa ilikuwa na tuzo yake.

Kisha, mwezi Juni 2024, Bulls wakabadilishana mchezaji na Oklahoma City Thunder, na Caruso akarudi katika mji uleule ambao ulikuwa umemwacha mwaka 2016. Mwezi Desemba mwaka huo Thunder, waliokuwa wamemwona hafai kubaki kambini, walimwongezea mkataba wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 81 hivi.

Tarehe 18 Mei 2025 Thunder walikuwa na mchezo wa kufa na kupona dhidi ya Denver Nuggets. Denver wana Nikola Jokić, mchezaji wa kati mwenye kimo cha sentimeta 211, mmoja wa walio hodari kabisa duniani. Kwa sehemu kubwa ya mchezo kazi ya kumkaba alipewa Caruso, ambaye Jokić anamzidi kwa sentimeta 15 na kwa uzito mkubwa. Alimzuia asipate mpira kwa raha, akamsukuma mbali na mahali pake, akamchosha. Thunder walishinda kwa 125 kwa 93. Mwezi uliofuata, katika fainali dhidi ya Indiana Pacers, Caruso alifunga pointi 20 katika mchezo wa pili na 20 tena katika mchezo wa nne. Na tarehe 22 Juni 2025 Thunder walishinda mchezo wa 7 kwa 103 kwa 91 na kuwa mabingwa. Ukumbi ulikuwa ule ule mkubwa wa mwaka 2016, ila jina tu limebadilishwa.

WASIOFIKA

Tusiwadanganye vijana wetu. Kwa kila Caruso mmoja wako mamia waliofanya kazi kwa bidii ileile, wakalala katika mabasi yaleyale, na mlango haukufunguka. Goti likivunjika, au kocha akibadilishwa, au timu ikipata mtu wa bei rahisi zaidi, safari huishia hapo. Wengine huenda Ulaya, Uchina au Australia. Tangu mwaka 2021, ilipoanza Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika mjini Kigali, wengine wamekuja kucheza hata katika bara letu. Wengine hugeuka makocha na walimu, na wengine hutumia shahada waliyoipata chuoni kuanza maisha mengine.

Kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake ana kipaji asimkataze kucheza, wala asimruhusu kuacha shule kwa sababu ya kucheza. Miaka minne ya chuo ilimpa Caruso mambo mawili kwa pamoja: mahali pa kuujifunza mchezo na elimu ya kumtunza kama mchezo ungemkataa. Mama anayesimamia saa za masomo jioni, wakati mtoto anatamani kutoka na mpira, hamnyimi mwanawe bahati. Anamwekea akiba.

Na kwa vijana wenyewe, wa uwanjani, wa kambini na wa ofisini, liko swali moja la kujiuliza kabla ya kulalamika kwamba hatuonekani: je, kazi ninayoionyesha ndiyo inayotafutwa? Katika kila kikosi wako wengi wanaotaka kubeba bendera. Wanaotaka kukesha langoni usiku wa mvua ni wachache, na mkuu anayejua kazi yake huwakumbuka kwa majina. Caruso aliishika zamu hiyo kwa dola 26,000 au pungufu, ng'ambo ya barabara, wakati hakuna aliyekuwa akimtazama. Alipoitwa, hakuhitaji kufundishwa tena.